Kabasele Tshamala na Santuri za Surboum: Mtunzi wa Jazi Aliyegeuka Mchapishaji

Neno jazi limesafiri mbali na chimbuko lake. Katika Kiswahili cha Tanganyika na Kenya ya wakoloni, jazi haikuwa hasa muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans. Jazi ilikuwa ni kundi lenyewe: watu kadhaa wenye magitaa, saksafoni na ngoma za kizungu, wanaopiga dansi ukumbini mwisho wa juma. Ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam Jazz Band katika miaka ya 1930, ndivyo ilivyokuwa Morogoro Jazz katika miaka ya 1940, na ndivyo ilivyokuwa bado mwaka 1964 jumuiya ya wafanyakazi wa Tanganyika ilipoanzisha Nuta Jazz. Nchini Kongo mambo hayakuwa tofauti. African Jazz iliundwa Léopoldville mwaka 1953, OK Jazz ikafuata mwezi Juni 1956, na muziki wao wote wawili ulikuwa rumba, yaani mapigo ya Kuba yaliyorejea Afrika ndani ya santuri za mfululizo wa GV ambazo kampuni ya Kiingereza ya HMV ilianza kuziuza barani katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mtu anapomwita Joseph Kabasele Tshamala mtunzi wa jazi hakosei, ilimradi akumbuke kwamba neno hilo linatumika kwa maana yake ya Kiafrika.

Makala haya yanamhusu Kabasele, ambaye wapenzi wake walimwita Grand Kallé, lakini hasa yanahusu upande mmoja wa kazi yake ambao haujatazamwa vya kutosha na wanafunzi wa lugha na fasihi ya nyimbo. Sifa za sauti yake zimeelezwa mara nyingi. Kilichosahauliwa ni kwamba yeye alikuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kabisa kumiliki chapa ya santuri, na kwamba alipoimiliki aliipa jina ambalo kwa mtaalamu wa lugha ni fumbo lenye maana.

Yafaa kwanza kueleza hali ya biashara ilivyokuwa kabla yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, muziki wa Léopoldville ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara kutoka ng'ambo, wengi wao wakiwa Wagiriki. Nicolas Jéronimidis alianzisha Ngoma mwaka 1948. Ndugu wawili wa ukoo wa Benatar wakafuata na Opika. Mwaka 1950 akina Papadimitriou wakaanzisha Loningisa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950 Dino Antonopoulos naye akaja na Esengo. Mpiga gitaa Mbelgiji Bill Alexandre aliongoza studio ya CEFA, na ndiye anayesifiwa kwa kuwazoesha wapiga gitaa wa jiji hilo gitaa la umeme. Mtindo wa biashara ulikuwa mmoja, kwa tofauti ndogo ndogo. Mwenye duka ndiye mwenye studio. Mwenye studio aghlabu ndiye mwenye ala. Na mwenye ala ndiye mwenye wimbo. Msanii aliingia na sauti yake, akatoka na ujira wake, na baada ya hapo santuri iliendelea na safari yake bila yeye.

Sasa yatazamwe majina ya chapa hizo. Ngoma ni neno ambalo Mbantu yeyote, kuanzia Matadi hadi Mombasa, halihitaji kufasiriwa. Opika ni neno la Lingala la kumhimiza mtu asimame imara, asitikisike. Loningisa, kinyume chake, ni amri ya kutikisa: tingisha! Esengo ni furaha. Wageni hao walikuwa na sikio la biashara. Walijua kwamba mnunuzi, awe karani wa Léopoldville au kibarua wa machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto, angevutwa na neno la lugha aitumiayo sokoni. Basi chapa za wageni zilibeba majina ya wenyeji.

Kabasele alipopata chapa yake mwenyewe mwaka 1960 hakuiita kwa Lingala, wala kwa Kiluba cha wazee wake. Aliiita Surboum African Jazz. Maneno mawili ya mwisho ni ya Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya mtawala wala ya raia katika Kongo ya Wabelgiji. La kwanza ni la vijana wa Kifaransa wa miaka ile: surboum ilikuwa karamu ya dansi nyumbani kwa rafiki, wazazi wakiwa hawapo. Mgeni alichagua neno la kienyeji ili auze. Mwenyeji alichagua maneno ya kigeni ili aonekane. Si haki kuharakisha kuita jambo hilo kasumba. Katika Kongo ya miaka ya 1950, ambamo Mwafrika mwenye elimu alihesabiwa kuwa amestaarabika au la kwa karatasi ya serikali, Kiingereza kilikuwa na harufu ya uhuru kwa sababu hakikuwa cha Brussels. Nalo neno jazz lilikuwa la watu weusi waliokuwa wakisikika duniani kote.

Kabasele alizaliwa Matadi, mji wa bandari, tarehe 16 Desemba 1930, akakulia Léopoldville. Ukoo wake ulikuwa wa kanisa: Joseph Malula, aliyefanywa kardinali mwaka 1969, alikuwa mjomba wake. Alipitia shule za wamisionari Wakatoliki, akaimba kanisani, akajua Kifaransa cha ofisini na kupiga mashine ya kuandikia. Mambo haya si mapambo ya wasifu. Watunzi waliomtangulia, kama Wendo Kolosoy, walitoka katika meli za mtoni na katika ulingo wa ndondi. Lugha yao ilikuwa Lingala ya bandarini. Kabasele alikuja na Lingala iliyonyooshwa na shule, yenye kuchanganywa na Kifaransa bila kuona haya, na sauti nyororo ambayo haikupaza hata mara moja kuliko ilivyohitajika. Wasikilizaji walitambua mara moja kwamba aliyekuwa akiimba ni mtu wa mjini, mwenye viatu vilivyong'arishwa. Tabaka jipya la makarani lilijiona ndani yake.

Alianza kurekodi Opika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati nyota wa studio hiyo alikuwa Zacharie Elenga, maarufu kwa jina la Jhimmy, aliyepiga gitaa kwa mtindo wa Hawaii. Kundi lake la awali lilikuwa O.T.C., yaani okestra ya upole wa Kikongo, jina ambalo kwa Kiswahili lingechekesha kidogo lakini kwa Kifaransa cha wakati ule lilipendeza. Mwaka 1953 likazaliwa African Jazz. Humo walikuwemo wapiga gitaa ambao hakuna historia ya gitaa la Afrika inayoweza kuwaruka: Tino Baroza, Charles Mwamba aliyeitwa Dechaud, na mdogo wake Nicolas Kasanda, ambaye baadaye aliitwa Docteur Nico na ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa umri wa miaka 14 tu. Wimbo Parafifi, uliomsifu mtangazaji wa kike wa redio ya Brazzaville, ulivuka mto kwenda na kurudi.

Kuna jambo la kuangaliwa hapa. Katika nyimbo hizi za awali jina la mwanamke ndilo kiini cha wimbo. Valérie, Fifi na wenzao si wahusika wa kisa. Ni majina yanayoitwa. Mtunzi huyaweka pale ambapo sauti yapanda, na mengi ya maneno mengine ni ya kuyazunguka. Mtu anayezijua nyimbo za Salum Abdallah wa Morogoro, aliyeongoza Cuban Marimba tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ataona mfano wake. Ufundi huu wa kuita majina ndio ambao Kabasele aliuchukua mwaka 1960 na kuupeleka mahali ambapo hakuna mtu aliyetarajia kuuona, yaani katika siasa.

Opika ilipofunga milango yake katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, African Jazz ilihamia Esengo. Hapo ndipo somo la biashara lilipodhihirika. Okestra iliyokuwa maarufu kuliko zote katika jiji ilikuwa sawa na mpangaji: mwenye nyumba akifunga, mpangaji hana budi kubeba virago. Umaarufu ulikuwa wa Kabasele, lakini kanda, ala na haki ya kuuza vilikuwa vya wengine.

Mwezi Januari 1960 viongozi wa vyama vya Kongo walikutana na serikali ya Ubelgiji mjini Brussels katika mkutano ulioitwa Meza ya Duara. Ulianza tarehe 20 Januari, ukamalizika tarehe 20 Februari. Ujumbe wa Wakongo haukuwa wa wanasiasa peke yao; kwa mpango wa Thomas Kanza, wanamuziki nao walialikwa. Kabasele alikwenda na Roger Izeidi, Nico, Dechaud na mpiga ngoma Petit Pierre, na kutoka OK Jazz wakachukuliwa Vicky Longomba na Brazzos. Franco Luambo alibaki Léopoldville, na kijana Tabu Ley Rochereau, aliyekuwa amejiunga na African Jazz mwaka 1959, naye pia alibaki. Walipiga katika hoteli ya Plaza. Hapo ndipo ulipozaliwa wimbo Indépendance Cha Cha, baada ya wajumbe kukubaliana kwamba Kongo itakuwa huru tarehe 30 Juni 1960.

Wimbo huo umezungumzwa sana, na mara nyingi huelezwa kuwa ni wimbo wa furaha tu. Mtazamo huo hautoshi. Kimaumbo, wimbo ni orodha. Mtunzi anawataja viongozi kwa majina, wakiwemo Kasa-Vubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Tshombe na Kamitatu, na anavitaja vyama vyao. Ni ule ule ufundi wa kuita majina uliotumika kwa Valérie na Fifi, isipokuwa sasa wanaoitwa ni wanaume wenye mikoba wanaoviziana. Kila mmoja wao alikuja Brussels na chama chake, kabila lake na jimbo lake. Lumumba alikuwa gerezani mkutano ulipoanza, akatolewa ili ahudhurie. Wimbo unawakalisha wote katika beti moja, chini ya pigo moja, bila kumtanguliza mtu kwa hoja. Wanaisimu wangeweza kusema kwamba hapo sintaksia inafanya kazi ya siasa: majina yameunganishwa kwa viunganishi vya kawaida vya usawa, na hakuna jina linalotawala jingine. Kongo ya wimbo ilikuwa na umoja ambao Kongo ya mkutano haikuwa nao. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Mwezi Agosti Kalonji akatangaza Kasai Kusini. Tarehe 17 Januari 1961, mwaka mmoja kasoro siku chache tangu mkutano kufunguliwa, Lumumba aliuawa huko Katanga. Santuri iliendelea kuuzwa na majina yote yakiwa mahali pake.

Neno lenyewe la kichwa cha wimbo lina habari yake. Waswahili wa mashariki walikwisha kuwa na uhuru, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo lilikuwa tayari kinywani mwa watu kabla ya vyama vya siasa. Lingala haikuwa na neno lililokubalika kwa jambo hilo, na Kabasele akaliimba la Kifaransa jinsi lilivyo. Lakini vinywa vya watu havikulikubali hivyo. Katika Kikongo likasikika dipanda, na katika Lingala lipanda: silabi za mwanzo zikadondoka, na kilichobaki kikavishwa kiambishi cha ngeli, di- au li-, kama jina lolote la asili. Mjini Bunia na katika vitongoji vya Ituri, ambako Kiswahili na Lingala huishi nyumba moja na wakati mwingine sentensi moja, uhuru na lipanda yote mawili yanaeleweka, ingawa si mara zote kwa hisia ile ile. Mzee anaweza kutumia la kwanza kwa haki ya mtu na la pili kwa mwaka 1960. Tofauti hiyo inastahili uchunguzi wake wenyewe, na mwanafunzi wa shahada angeweza kuifanya bila kusafiri mbali.

Turudi kwenye biashara. Akiwa Ulaya, Kabasele hakutosheka na makofi. Alifanya mapatano na Fonior, kampuni ya Kibelgiji iliyokuwa ikitengeneza na kusambaza santuri. Kwa mapatano hayo ilizaliwa Surboum African Jazz. Kabasele angeleta nyimbo na wanamuziki. Fonior ingezikandamiza santuri na kuzisambaza. Wakati ulikuwa mwafaka kuliko alivyoweza kukadiria mtu. Baada ya machafuko ya Julai 1960, wageni wengi waliondoka Kongo, na studio za Wagiriki zikaanza kufifia moja baada ya nyingine. Wanamuziki walikuwepo, wasikilizaji walikuwepo, redio zilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kurekodia. Kabasele alikuwa na njia ya kufika Brussels.

Akaitumia si kwa ajili yake peke yake. Mwaka 1961 alirekodi huko na African Jazz, na katika kilabu cha Les Anges Noirs alikutana na mpiga saksafoni kijana wa Kikameruni, Manu Dibango, ambaye alimwingiza katika kundi lake na kisha akamleta Léopoldville. Dibango alisimulia habari hizo mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1989. Lakini jambo lililoshangaza zaidi ni kwamba Kabasele aliwapeleka Brussels pia OK Jazz, yaani washindani wake wakubwa, ili warekodi kwa chapa ya Surboum. Mpenzi wa African Jazz na mpenzi wa OK Jazz walikuwa kama mashabiki wa timu mbili za mpira wa mji mmoja. Mwanamuziki wa kawaida asingemfungulia mlango mshindani wake. Mchapishaji angefanya hivyo bila kusita, kwa kuwa kwake santuri ya mshindani ni bidhaa sawa na yake mwenyewe. Hapo ndipo inapoonekana wazi kwamba Kabasele alikuwa amevuka mpaka kutoka ufundi kwenda biashara.

Alikuwa na mtangulizi ambaye yamkini hakumfikiria. Clarence Williams, mpiga piano na mtunzi mweusi kutoka Louisiana, alianza kuchapisha nyimbo mjini New Orleans pamoja na Armand Piron katika miaka ya 1910, kisha akafungua ofisi New York, na katika miaka ya 1920 alikuwa miongoni mwa wachapishaji weusi waliofanikiwa zaidi katika jazi ya mwanzo. Yeye alikuwa na jambo ambalo Kabasele hakuwa nalo: aliuza karatasi za nyimbo na kumiliki hakimiliki zake, hivyo hakutegemea mashine ya santuri peke yake. Mwaka 1943 aliziuza haki hizo kwa kampuni ya Decca. Alilaumiwa pia, kama walivyolaumiwa wachapishaji wengi, kwa kuliweka jina lake katika nyimbo za wengine. Lawama hiyo ni ya kukumbukwa kwa yatakayofuata, kwa sababu mtunzi anapogeuka mchapishaji huwa anashika kalamu inayoandika jina la mtunzi kwenye lebo.

Udhaifu wa Surboum ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa nje. Jina lilikuwa la Kabasele, lakini mashine za kukandamiza santuri, maghala na njia za kuuza zilikuwa za Fonior. Mkongo alikuwa amepanda ngazi kutoka kuwa kibarua hadi kuwa mshirika, ila mkono unaohesabu santuri zilizouzwa haukuwa wake. Mtu asipoweza kuhesabu mali yake mwenyewe, umiliki wake una mipaka. Hata hivyo ni makosa kuudharau umiliki huo kwa sababu hiyo. Kabla ya 1960 jina la Mkongo kwenye santuri lilikuwa jina la mwimbaji; baada ya Surboum lingeweza kuwa jina la mwenye chapa, na kila mwanamuziki wa Léopoldville aliliona hilo kwa macho yake.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa ndani, nao ndio uliomuumiza. Fedha za chapa zilipitia kwa kiongozi mmoja. Wanamuziki wa African Jazz, ambao walikuwa wamezoea kumlalamikia mwenye studio wa kigeni, sasa walikuwa na wa kumlalamikia ndani ya nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa mwajiri wao, kiongozi wao wa jukwaani na mchapishaji wao, na kwa kila sura kati ya hizo tatu kulikuwa na hesabu ya kudai. Mwaka 1963 manung'uniko yalifikia kilele. Rochereau, Nico, Dechaud, Izeidi na wengine wakaondoka, wakaunda African Fiesta. Kwa siku moja Kabasele alipoteza waimbaji, magitaa na takriban sauti yote ya kundi lililokuwa na jina lake.

Wengi wameueleza mgawanyiko huo kama kisa cha wivu na tamaa, na bila shaka wivu na tamaa havikukosekana. Lakini chanzo chake kikubwa ni cha mpangilio. Kwa kulinganisha, huko Tanganyika na baadaye Tanzania bendi nyingi zilikuwa mali ya klabu, ya jumuiya ya wafanyakazi au ya shirika la umma. Ala zilikuwa za klabu, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa au mwanachama. Mgawanyiko ulikuwepo huko pia, na watu walihama bendi kama ndege, lakini bendi yenyewe haikufa kwa sababu mwenye mali alibaki. Mfumo huo nao ulikuwa na gharama yake: kwa miongo mingi nyimbo za Tanzania zilirekodiwa na redio ya taifa, na watunzi wake hawakupata chapa wala soko lililokuwa mikononi mwao. Léopoldville ilichagua njia nyingine, ya kiongozi anayemiliki kila kitu. Njia hiyo ilizaa utajiri na ilizaa mafarakano, vyote kutoka tumbo moja.

Wanafunzi wa Kabasele walijifunza kutoka kwake kuliko walivyokiri. Izeidi, aliyekuwa akipiga maracas kwa Kabasele, alikuwa na chapa yake Vita. Franco, ambaye OK Jazz yake ilirekodi kwa Surboum, alianzisha Epanza Makita na baadaye Éditions Populaires. Na baada ya serikali ya Mobutu kutaifisha mali za wageni kuanzia Novemba 1973, alikabidhiwa kiwanda cha santuri cha Kinshasa, MAZADIS, ambacho kilitokana na kampuni ile ile ya Fonior. Kwa maneno mengine, Franco aliipata mashine ambayo Kabasele aliikosa. Tabu Ley na Verckys Kiamuangana nao walikuwa na chapa zao. Na yafaa kutambuliwa, kwa ajili ya hoja iliyotangulia kuhusu majina, kwamba Epanza Makita ni maneno ya Lingala, hali Éditions Populaires na Vévé zinarejea kwenye Kifaransa na kwenye herufi za mwenye mali. Hapakuwa na mwelekeo mmoja tu. Lakini jina la chapa ya Mkongo liliendelea kuwa tangazo la nafsi ya mwenyewe, ilhali jina la chapa ya mgeni lilikuwa tangazo la mnunuzi.

Kwa Kiswahili je? Kabasele hakuwa mwimbaji wa Kiswahili. Aliimba kwa Lingala, mara nyingine kwa Kiluba, na katika santuri nyingi Kifaransa na Kihispania cha kuigiza vilipenya. Kiswahili cha Kongo kilikuwa na watunzi wake wa zama hizo hizo katika upande wa kusini mashariki: Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Katanga mwaka 1952, Edouard Masengo, na Léon Bukasa ambaye alitoka Katanga na kurekodi Ngoma. Mwenda na Masengo walifika hadi Nairobi, na gitaa lao la vidole likaacha alama katika muziki wa Kenya. Hata hivyo ni Lingala ya Léopoldville, na si Kiswahili cha Katanga, iliyotawala santuri za nchi. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo iko katika habari hii hii ya biashara: studio, chapa na njia za kusambaza zilikuwa Léopoldville, na lugha ya mahali penye mashine ndiyo iliyosafiri. Jeshi lilikuwa limeileta Lingala Ituri kwa amri. Santuri iliileta kwa hiari, na inaelekea ya pili ilipokewa vizuri zaidi. Watu wa mashariki ambao hawakuwahi kuuona mto Kongo walijifunza maneno ya mapenzi ya Lingala kwa kusikiliza gramafoni. Ndiyo maana mtafiti anayechunguza kuchanganya msimbo katika Kiswahili cha Bunia hana budi kuzihesabu nyimbo miongoni mwa vyanzo, pamoja na soko, kambi na kanisa.

Baada ya 1963 Kabasele aliikusanya African Jazz upya kwa wanamuziki wengine, lakini haikurudi kuwa ile ya kwanza. Surboum ilififia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa Paris, ambako aliunda African Team pamoja na Manu Dibango, Jean Serge Essous, Edo Clary Lutula na mpiga filimbi Mkuba Don Gonzalo. Santuri za African Team zina kitu cha kupendeza kwa anayefuatilia historia ya rumba: baada ya Waafrika kuiga santuri za Kuba kwa miaka 30, Mkuba sasa alikuwa amekaa katika okestra ya Mkongo, akimfuata kiongozi wa Kiafrika. Kibiashara kundi hilo halikudumu.

Alifariki tarehe 11 Februari 1983, akiwa na umri wa miaka 52. Franco na Tabu Ley, mmoja mshindani wake wa zamani na mwingine mwanafunzi aliyemwacha mwaka 1963, waliimba pamoja kumkumbuka. Mwaka 2013 kampuni ya Sterns ya London ilitoa mkusanyo wa santuri zake pamoja na kitabu cha maelezo, na mwezi Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la Kongo zote mbili. Santuri asilia za Surboum, za mizunguko 45 kwa dakika, zimekuwa vitu vya wakusanyaji, na wengi wa wakusanyaji hao wako Ulaya.